Ufa "unaotembea": maana yake, na namna ya kuutambua

Fundi mwashi akikwambia "ufa huu unatembea", hana maana kwamba umehama ukuta. Anasema kile kilichoupasua bado kipo kazini: msingi unaendelea kushuka, udongo unavimba na kunywea, au paa linasukuma. Kinyume chake ni ufa uliotulia. Nyumba ilicheza mara moja, pengine miaka ya mwanzo, ikakaa. Kwa nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, hili ndilo la kuulizwa kwanza, kabla hata ya bei ya saruji.

Dodoma swali hili lina uzito wake. Kifuku chetu, yaani msimu wa mvua, ni kimoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ardhi inakauka. Penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi hunywa maji ikavimba, kisha kiangazi inanywea mpaka inapasuka. Msingi mfupi wa kizamani hupanda na kushuka pamoja nayo. Ndiyo maana ufa ulioupima Oktoba unaweza kuukuta umebana mwezi Machi, ukadhani umepona. Umejifumba tu, unangoja jua.

Kuujua hakuhitaji mashine. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia, uandike na tarehe. Gongomea misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila mwezi na kuandika kwenye daftari. Endelea mwaka mzima, ili kiangazi na kifuku vyote viwe vimepita. Najua mwaka ni mrefu kwa mtu anayelala chini ya ukuta huo, lakini vipimo vya mwezi mmoja vitakudanganya.

Umbo la ufa nalo linasema mengi. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama ramani mara nyingi ni za lipu peke yake. Gonga kwa kidole, ukisikia mlio wa uwazi, lipu imeachana na tofali. Ufa wa wima pale chumba kipya kilipounganishwa na nyumba ya zamani husema kwamba matofali hayakufumwa pamoja na kila upande umeshuka kivyake. Ufa wa kulala karibu na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, unaelekeza macho kwenye paa. Juu ya mlango, chunguza linta, yaani boriti inayobeba ukuta ulio juu yake: kama ni ya mbao, huenda mchwa wameshaila.

Unaonitia wasiwasi zaidi ni ule unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, ukifuata udongo kati ya tofali na tofali. Tazama ni wapi umepanuka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kwa kawaida kona ya nyumba inashuka. Ukiwa mpana chini, mara nyingi katikati ya ukuta ndipo panapozama. Na nyufa mbili zilizokatana kama X kati ya madirisha mara nyingi hutokana na mtikisiko. Tusisahau kwamba Bonde la Ufa liko karibu nasi na matetemeko husikika huku.

Kuhusu upana, kuna vipimo vinavyotumiwa na wahandisi wa Uingereza ambavyo vinasaidia popote. Hadi milimita 1 ni jambo la rangi na lipu. Hadi 5, unaweza kuziba. Kati ya 5 na 15 pengine matofali kadhaa yatabadilishwa. Zaidi ya 15 uharibifu ni mkubwa, na ukivuka 25 ukuta wenyewe uko mashakani. Lakini ufa wa milimita 3 unaopanuka kila mwezi ni mbaya kuliko wa 8 uliotulia tangu enzi za babu. Ukuta ukitoka timazi, yaani ukiacha kusimama wima, ukatoa tumbo, au linta ikining'inia, usingoje daftari: hamisha watu, umwite mhandisi aliyesajiliwa.

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wengine huitumia methali hiyo kuanza kazi siku hiyohiyo. Kuziba ufa unaotembea ni kuficha dalili. Tena saruji kali kwenye ukuta uliojengwa kwa udongo ni ngumu kuliko jirani zake, hivyo mpasuko mpya hutokea pembeni yake.

Nyumba ya shangazi yangu, eneo la Kikuyu hapa Dodoma, ilizibwa mara mbili namna hiyo. Mara ya tatu tuligongomea misumari. Nafasi iliongezeka kiangazi na kifuku pia, haikufuata msimu, tukaanza kutafuta maji mengine yanatoka wapi. Bomba la bafuni lilikuwa likivuja chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, hatua mbili kutoka kwenye kona ile. Tulibadilisha bomba, tukaacha kifuku kizima kipite bila kugusa ukuta. Misumari haikusogea, na ndipo fundi akachanganya lipu.