Kaboni haihesabu haidrojeni

Nimesahihisha tena rundo la majibu ya kemia ogania, na tena nimekutana na sentensi ileile: "Haidrojeni huenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi kwa sababu ya kanuni ya Markovnikov." Nimeizungushia kalamu nyekundu mpaka wino umefifia. Wanazungumzia molekuli kama haidrojeni bromaidi inapojiunga na bondi maradufu kati ya kaboni mbili. Kanuni si sababu. Ni kama kusema jiwe limeanguka kwa sababu mawe huanguka.

Dhana: "Mwenye nacho huongezewa."

Najua ilikotoka. Msemo ni mtamu, unakaririka, na kwa propeni na haidrojeni bromaidi unakupa jibu sahihi: 2-bromopropani. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huishia kuamini kwamba atomi ya haidrojeni inafika kwenye bondi maradufu, inahesabu wenzake, kisha inachagua upande. Markovnikov mwenyewe, mkemia wa Urusi, alichapisha alichokiona mwaka 1870, wakati elektroni haijagunduliwa. Hiyo ilikuja 1897. Alieleza mwelekeo wa matokeo. Sisi tunaojua elektroni hatuna kisingizio.

Kinachotokea ni hiki. Elektroni za bondi ya pai (ile dhaifu zaidi kati ya mbili za bondi maradufu) zinainyakua protoni, yaani haidrojeni isiyo na elektroni. Ikikaa kwenye kaboni ya mwisho, chaji chanya inabaki kwenye kaboni ya katikati, ambayo ina vikundi viwili vya alkili (vya kaboni na haidrojeni) vinavyoisukumia elektroni na kuituliza. Ikikaa katikati, chaji inabaki pembeni, kwa kabokatayoni (kaboni yenye chaji chanya) ya daraja la kwanza, yaani iliyoshikamana na kaboni moja tu, isiyo na utulivu wa maana. Njia ya kwanza ni rahisi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayofuatwa. Bromaidi, ioni hasi ya bromini, inakuja baadaye na kukaa palipo na chaji.

Ukiishika sababu hiyo, mambo yanayoitwa "vighairi" hayakusumbui. Jumlisha haidrojeni kloraidi kwenye 3-methili-1-buteni: sehemu kubwa ya klorini utaikuta kwenye kaboni ambayo haikuwa hata na bondi maradufu! Haidraidi (haidrojeni pamoja na elektroni zake mbili) imehama kutoka kaboni jirani ili kupata kabokatayoni ya daraja la tatu. Msemo wa mwenye nacho hapo uko kimya. Au weka atomi tatu za florini kwenye kaboni ya propeni isiyo na bondi maradufu, zinazovuta elektroni badala ya kuzisukuma: haidrojeni inakwenda kwa "maskini".

Na peroksaidi, viambata vyenye bondi kati ya oksijeni mbili, je? Mwaka 1933 Kharasch na Mayo walionyesha kwamba zikiwepo peroksaidi, haidrojeni bromaidi hujumlishwa kinyume. Wanafunzi wanakariri hilo kama kanuni ya pili, wakati hoja ni ileile. Safari hii anayetangulia ni radikali ya bromini (atomi yenye elektroni isiyo na mwenza), inashika kaboni ya mwisho, na kuacha radikali ya daraja la pili, iliyo tulivu zaidi. Haidrojeni inafuata. Na tafadhali, usiitumie hoja hii kwa haidrojeni kloraidi. Bondi yake ni imara mno kwa mnyororo huo kuendelea.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wameuchoka: usiandike zao la mmenyuko kabla hujachora kabokatayoni zote mbili. Zote. Hata kama unajua jibu.

Dhana: Uondoaji hutoa daima alkini yenye matawi mengi.

Uondoaji ni kuondoa atomi kwenye molekuli ili bondi maradufu izaliwe. Kwanza kinachotoka ni alkeni, yenye bondi maradufu, si alkini, yenye bondi tatu. Pili, besi, inayochomoa protoni, ina mwili. Ethoksaidi ikikutana na 2-bromo-2-methilibutani hutoa zaidi 2-methili-2-buteni, kama mkemia Zaitsev, mwenye kanuni ya matawi mengi, alivyotarajia. Tumia potasiamu tert-butoksaidi, besi nene, nayo itachomoa protoni ya pembeni inayofikika: zao kuu ni 2-methili-1-buteni.

Dhana: Ethanoli na asidi ya salfuriki kolezi ni etheni, basi.

Kwa nyuzijoto 170 hivi za selsiasi, ndiyo. Karibu na 140, ethanoli ikiwa nyingi, unapata etha. Andika joto.

Dhana: Maji ya bromini yakipoteza rangi, bromini mbili zimejumlishwa.

Maji ni mengi kuliko bromaidi, kwa hiyo etheni hutoa zaidi 2-bromoethanoli. Tena si kila kinachofuta rangi ni alkeni. Fenoli huifuta pia, kwa mmenyuko wa ubadilishaji, na kuacha mashapo meupe ya 2,4,6-tribromofenoli. Ukiona mashapo hayo halafu ukaandika "kujumlisha", kalamu nyekundu bado ina wino kidogo.