Maana ya uraibu, na swali la nani anastahili huruma

Uraibu ni hali ya mtu kuendelea kutumia kilevi au dawa ingawa anaona wazi kwamba inamharibia afya, kazi na nyumba, huku kila anapojaribu kuacha akishindwa. Dalili zake kuu ni tamaa kali inayorudi bila kualikwa, kushindwa kujizuia mara mtu anapoanza, na kuitanguliza dawa mbele ya kila kitu, hata chakula cha watoto. Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo miongoni mwa magonjwa. Kwa hiyo anayekunywa mbege kwenye sherehe ya kipaimara kule Marangu si mraibu kwa sababu hiyo tu, na wala si kila kijana aliyewahi kuvuta bhangi atafikia huko, wengi hawafiki.

Inafaa kuutenga uraibu na utegemezi wa mwili, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa wiki nyingi katika hospitali kama KCMC, mwili wake utaizoea, na ikikatishwa ghafla atatokwa jasho, atatetemeka na kuumwa tumbo. Hata hivyo huyo si mraibu, maana haachi maisha yake kuitafuta dawa, na daktari akimpunguzia taratibu ataiacha salama. Mtumiaji wa heroini hupatwa na mateso ya namna hiyo hiyo, ambayo mitaani huitwa arosto, saa chache tu baada ya kete ya mwisho, yaani kifurushi kidogo cha heroini. Yakishapita, baada ya wiki moja hivi, jamaa hudhani kazi imekwisha, kumbe kilichotulia ni mwili peke yake. Dawa ilikuwa ikimwaga kwa wingi dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza jambo gani lirudiwe. Na ubongo uliofundishwa hivyo kwa miezi au miaka unapoa kwa raha za kawaida, lakini unabaki mwepesi mno kwa kila kinachokumbusha dawa, iwe kona fulani ya mtaa, rafiki fulani, au noti iliyobaki mfukoni.

Hapo ndipo kauli ya «amejitakia mwenyewe» inapopungua uzito. Ni kweli kwamba watu wengi huanza kwa hiari, mara nyingi wakiwa bado vijana, pengine kwa msokoto wa bhangi uliochanganywa na unga, yaani heroini. Lakini hiari ya siku ile na uwezo wa leo ni mambo mawili. Tena, hata tukikubali kwamba alijitakia, hatujawahi kulifanya jambo hilo kuwa sharti la kutibiwa. Kijana akianguka na bodaboda katika barabara ya Moshi na Arusha bila kofia ngumu, atapokelewa wodini, atafungwa bendeji na kupasuliwa ikibidi, na ndugu watachangishana gharama. Karipio, kama lipo, litakuja baadaye. Kwa maoni yangu, swali la kustahili linaulizwa mahali pasipo pake, kwa sababu matibabu si mshahara wa tabia njema.

Wapo wanaohofu kwamba kuuita uraibu ugonjwa ni kumvua mtu wajibu wake. Hofu hiyo haikosi msingi, kwani mraibu hajapoteza uwezo wote wa kuchagua. Uwezo huo umebanwa, na kiasi cha kubanwa kinategemea sana mazingira. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, ambako takriban mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu wa heroini, akaona kwamba wengi wao hawakurudia uraibu walipofika nyumbani, na wengi hawakuhitaji hata matibabu. Walikuwa wameondoka katika mazingira ya dawa. Kijana wa mtaa kama Ngarenaro kule Arusha au Majengo kule Moshi anayetoka kwenye nyumba ya upataji nafuu na kurudi kijiwe kile kile, hana kazi na hana anayemwamini, anadaiwa ushindi ule ule bila kupewa kilichowasaidia askari wale.

Huruma, basi, ni kumwona mtu kama anayeumwa na anayewajibika kwa wakati mmoja, na haina maana ya kumpa fedha. Dada ambaye simu yake imeibwa na mraibu na kuuzwa ana haki ya kukasirika na kufunga mlango wa chumba chake. Mama aliyechoka kulipa madeni ya kete anaweza kukataa kulipa tena, huku akiendelea kupika na kumsindikiza kliniki. Wizi unabaki kuwa wizi na una sheria yake. Kinachokataliwa ni kipigo cha mtaani, matusi mbele ya watoto, na ule utaratibu wa ukoo kuketi, kumtenga, kisha kumkumbuka siku ya msiba.

Msaada unaofahamika zaidi kwa waraibu wa heroini ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Nchini Tanzania ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na huduma imeenea baadaye katika mikoa mingine. Wanaosema kwamba ni kubadilisha unga kwa unga wanasahau kwamba dozi iliyopimwa vizuri hudumu siku nzima, huzuia arosto bila kumlevya mtu, na humwezesha kwenda kazini. Pia inapunguza kujidunga, na pamoja nako maambukizi ya VVU na homa ya ini, jambo ambalo linamhusu hata jirani asiyemhurumia mtu yeyote.

Methadoni, hata hivyo, haimsaidii mraibu wa mirungi wala wa bhangi, ambazo ndizo zilizo karibu zaidi na watu wa huku Arusha na Kilimanjaro, kwa kuwa bhangi imekuwa ikilimwa katika miteremko ya Meru na mirungi katika milima ya Same. Kwao msaada mkubwa ni ushauri nasaha wa muda mrefu, na haupatikani kwa urahisi.

Kuna hatari mbili ambazo familia zenye nia njema hazizijui. Mraibu wa pombe, hasa anayekunywa gongo au konyagi kila siku, akifungiwa ndani ili aache ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kufa; huyo apelekwe hospitali kabla ya kuachishwa. Kwa heroini hatari iko upande wa pili wa safari. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe gerezani, kwenye maombi au kwa shangazi kijijini, mwili wake umepoteza uzoefu, na akirudia kiasi chake cha zamani kinaweza kumzimia pumzi. Siku za kwanza baada ya kurudi nyumbani ndizo zinazohitaji mtu wa kukaa naye, na akiteleza aweze kusema bila kuogopa kufukuzwa, kwa sababu anayejificha hutumia akiwa peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumwamsha wala wa kumkimbiza hospitali.