Mboji: kinachokosekana kwenye lava ya 2002

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nani hajasema kwamba udongo wa volkano una rutuba? Ushahidi uko sokoni: maharage ya Rutshuru, viazi vya Masisi. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyejenga juu ya lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na akitaka kupanda lengalenga uani bado inambidi alete udongo kwa magunia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Safu ya milima ni moja, Virunga ileile. Kinachotenganisha shamba la Rutshuru na ua wa mawe wa mjini kinaitwa mboji.

Mboji ni ile sehemu ya udongo, nyeusi au ya kahawia iliyokolea, inayobaki baada ya majani, mizizi, kinyesi na viumbe waliokufa kuliwa, kunyewa na kuliwa tena, hadi hakuna awezaye kutambua kilikuwa nini. Wengi huichanganya na mbolea. Samadi ni kinyesi cha mifugo. Mboleavunde ni mabaki ya mimea yaliyoozeshwa kwa makusudi shimoni au kwenye lundo. Mbolea ya dukani ni chumvichumvi. Hizo zote unazimwaga wewe. Mboji hutengenezwa palepale ardhini, na mafundi wake ni wadudu, minyoo, kuvu na bakteria. Wewe unawapa chakula na kivuli tu.

Lava iliyopoa si maskini kabisa. Ina potasiamu, kalsiamu na fosforasi, ila ni akiba iliyofungiwa ndani ya jiwe. Naitrojeni ndiyo haimo, wala mabaki ya uhai. Wa kwanza kuishambulia ni ule ukoga wa kijivu unaouona kwenye mawe meusi kando ya barabara, kisha kangaga hujipenyeza kwenye nyufa, vumbi likanasa, kazi ikaanza. Mashamba ya majivu ya volkano ya zamani yamekwisha pita hatua hiyo kwa muda mrefu sana. Wataalamu huuita udongo wake andosoli, jina lililotoka kwenye maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi.

Weusi peke yake usikudanganye, maana kokoto ya lava nayo ni nyeusi. Chukua konzi moja, ilowanishe, ifinye. Kokoto itamwagika. Udongo wenye mboji utashikana, kisha utavunjika chembechembe ukiugusa, na utanukia kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Harufu hiyo ni ya bakteria walio hai ndani yake.

Nadhani ndiyo maana bustani ya shule ni mahali pazuri kuliko ubao pa kuielewa dhana hii. Jaribio halihitaji fedha. Watoto watengeneze vitanda vitatu vya ukubwa mmoja, kwa udongo uleule, mvua za Septemba zikianza. Cha kwanza kiachwe kitupu. Cha pili kipewe samadi iliyoiva. Cha tatu kipewe maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sombe (majani ya muhogo) na majani makavu, halafu kifunikwe kwa matandazo. Mwalimu atashawishika kukipanda kile kitupu ili kisipotee bure, asikiguse. Bila hicho hakuna cha kulinganisha, na watoto watabaki kubishana tu.

Juu ya kila kitanda kilazwe kipande cha ubao au gunia lenye unyevu. Siku moja kila juma, asubuhi, saa ileile, kifunuliwe na kuhesabiwa waliojificha chini, idadi iandikwe daftarini. Wengine huzika kikombe cha plastiki hadi ukingo wake ulingane na udongo, na wanaotembea usiku wanatumbukia. Wahesabiwe, waachiwe. Mabaki ya nyama yasitiwe kabisa, yataita panya kabla ya kuita nyungunyungu. Majivu ya makaa yawe kidogo tu, kwa sababu yakizidi hupunguza uchachu wa udongo kupita kiasi.

Sasa wageni wenyewe. Jongoo hula majani yaliyokufa na kuyasagasaga. Tusi lake ni la bure: Waswahili husema mtupe jongoo na mti wake, lakini bustanini wote wawili wanatakiwa, jongoo na huo mti unaooza. Tandu, ambaye watoto humfananisha naye, ni mwindaji. Anauma, asishikwe kwa mkono. Kuna utitiri, na kuna vijidudu vyeupe vidogo mno vinavyoruka vikiguswa, hivi hula kuvu. Buibui huja baadaye, wakishaona kuna cha kuwinda. Kwa hiyo buibui akiongezeka chini ya ubao, soma daftari upande wa walao majani: huenda nao wameongezeka.

Mkuu wa kazi ni nyungunyungu. Hana mapafu, hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Ndiyo sababu matandazo yana thamani kwake kuliko samadi iliyoachwa juani. Anavuta majani chini, anayapitisha tumboni pamoja na udongo, anatoa vidonge laini. Mwingereza Charles Darwin alitawanya chokaa juu ya uwanja wake mwaka 1842, akachimba mwaka 1871, na akaikuta imezama takriban sentimita 18. Hakuna mtu aliyeizika. Ni udongo ambao minyoo waliupandisha juu yake, kidonge kwa kidonge, kwa miaka 29.

Watoto hawana miaka 29, hivyo wape kitambaa. Kikate vipande vitatu vya pamba tupu, bila nailoni (chupi kuukuu inafaa, na darasa litacheka wiki nzima), ukizike kila kipande katika kitanda chake, kina cha kiganja kimoja. Baada ya miezi miwili kifukuliwe. Palipo na uhai mwingi kitambaa huliwa kikabaki mishono tu. Pakavu na patupu hutoka kama kilivyoingia, kichafu lakini kizima.

Kuna swali moja ambalo mtoto anayeishi juu ya lava lazima atauliza: hawa wametoka wapi? Mende wanaruka wenyewe. Buibui wachanga hupeperushwa na upepo wakining'inia kwenye uzi wao. Nyungunyungu hana mabawa wala uzi, na jiwe tupu halivuki. Yeye huja kwenye gunia la udongo, kwenye samadi, kwenye mizizi ya chipukizi la mgomba, mara nyingi akiwa bado yai ndani ya kifuko kidogo cha mfano wa punje. Shule iliyojengwa juu ya lava, isiyoona nyungunyungu hata mmoja baada ya mvua za miezi mitatu, iende ikaombe ndoo moja ya udongo chini ya mgomba wa jirani, iimwage kwenye kitanda cha tatu jioni, ifunike, na iandike tarehe.