Ukimwona bundi-theluji kwenye maegesho, usimfukuze wala usimwokoe

Kila majira ya baridi tunapigiwa simu kwa habari ileile: bundi mkubwa mweupe ametua chini, mchana kweupe, kwenye maegesho ya magari, na hasogei. Wazungumzaji wa Kiswahili wa Maine na Minnesota, Marekani, huongeza swali la pili, kwa sauti ya chini: nani atakufa? Hakuna. Huyu hakutumwa na mtu. Katoka Aktiki.

Wengine husema anaumwa na baridi. Jamani! Ndege huyu ana manyoya hadi vidoleni, mazito kama soksi za sufu. Baadhi ya wenzake hawashuki kusini kabisa; hupitisha kipupwe juu ya barafu ya bahari, gizani, wakiwinda bata penye nyufa za maji. Anakaa chini kwa sababu tundra, nyanda za baridi za Aktiki, haina miti, na anatembea mchana kwa sababu huko kwao kiangazi jua halizami kwa wiki kadhaa. Angesubiri usiku, wanawe wangekufa njaa.

Kule Utqiagvik, ncha ya kaskazini ya Alaska, jike huchagua kiduta ambacho upepo umekipangusa theluji. Hukwangua kishimo kwa kucha, basi. Hatandiki hata jani. Hutaga yai moja kila baada ya siku mbili hivi, naye huanza kuatamia tangu la kwanza, kwa hiyo kifungua mimba huweza kumzidi kitinda mimba kwa wiki mbili au zaidi. Hanyanyuki ovyo: dume ndiye anayeleta chakula, na ndiye anayemshukia mbweha au mtu kwa makucha.

Chakula chenyewe ni lemingi, panya wanono wa tundra. Wakijaa, mizoga yao hupangwa kuzunguka kiota kama ukingo wa sahani, na mayai huweza kufika 11. Wakiadimika, bundi huenda asitage kabisa. Makinda huondoka kiotani kwa miguu wakiwa na wiki 3 hivi, kabla hawajajua kuruka, wakajificha kwenye majani huku baba akiendelea kuwalisha.

Ndiyo maana mkimwona huku msiseme moja kwa moja kafukuzwa na njaa. Mara nyingi ni kijana wa mwaka wa neema. Kipupwe cha 2013 hadi 2014 walifurika mashariki mwa Marekani baada ya lemingi kujaa kaskazini mwa Quebec.

Sasa utaratibu. Ndege huyu analindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya 1918. Kumkamata, kumuua au kumfuga bila kibali ni kosa: faini hadi dola 15,000, kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Kumkamata kwa makusudi ya kumuuza, kifungo hadi miaka 2. Uwanja wa ndege wa Logan, Boston, bundi hawa wamekuwa wakinaswa na kuhamishwa tangu 1981, lakini na wenye vibali. Wewe huna.

Piga picha ukiwa mbali. Akianza kukukodolea macho, umeshasogea mno, rudi nyuma. Akiwa anaburuta bawa au anavuja damu, usimfunike koti wala usimpe nyama. Pigia simu idara ya wanyamapori ya jimbo, taja barabara na alama iliyo karibu, kisha subiri ndani ya gari.

Na unyoya uliouokota, hata kama umeanguka wenyewe, uache palepale. Nao unalindwa na sheria hiyohiyo.