Maji baridi baada ya pilau hayagandishi mafuta tumboni

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: ukinywa maji baridi baada ya kula, mafuta ya chakula huganda tumboni, kisha yanaleta saratani na ugonjwa wa moyo. Si kweli.

Mwili una joto la nyuzi 37 hivi. Maji ya friji yakifika tumboni hupashwa na joto hilo kwa muda mfupi tu, na mafuta husagwa na nyongo na vimeng'enya (kemikali za mwili zinazovunja chakula) kwenye utumbo mwembamba.

Naelewa wazo linakotoka. Sote tumefunua sufuria ya mchuzi wa ng'ombe asubuhi tukakuta tabaka jeupe juu. Lakini sufuria ile imelala jikoni usiku kucha. Tumbo la mtu hai halipoi hivyo.

Ukitaka kuhakiki ujumbe huo, tafuta jina la mwandishi na tarehe. Mara nyingi utakuta "daktari bingwa" tu. Kisha muulize mhudumu wa kituo cha afya cha karibu. Ukiletewa tena, usiusambaze, na shangazi mwachie glasi yake ya maji baridi.