Intaneti haitoki angani

Wengi bado wanaamini kwamba intaneti hutufikia kwa setilaiti. Sivyo. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka mabara hupita chini ya bahari, ndani ya nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha mwanga. Kwenye kina kirefu, waya mzima, yaani mkongo, una unene wa mpira wa kumwagilia bustani tu.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Mkongo wa EASSy ukafuata 2010. Mei 2024 yote miwili ilikatika kwenye bahari ya Afrika Kusini. Minara ya simu ilikuwa imesimama vilevile, lakini Tanzania, Kenya na Uganda intaneti ikawa ya kusuasua, na biashara za mtandaoni zikaumia.

Setilaiti zina kazi yake, hasa vijijini ambako mkongo haujafika. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, iko Kenya tangu 2023. Hata hivyo, nayo hushusha data kwenye vituo vya ardhini vilivyounganishwa na mkongo.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayepanga miaka ijayo amuulize mtoa huduma wake: mna njia ngapi za baharini, na moja ikikatika mnahamia ipi?