Hesabu tumizi S.6: mtoto wako anatakiwa aweze nini?

Mzazi mmoja alituletea daftari la binti yake wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, anayesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu). Daftari safi: kanuni zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu, kila jibu limefungiwa kwenye kisanduku. "Mwalimu," akauliza, "mbona anazijua kanuni zote na bado anapata 38?" Tukafungua kurasa kumi na mbili za mekanika, yaani hesabu za mwendo na nguvu. Hatukukuta mchoro hata mmoja.

Wanafunzi huigawa hesabu ya A-Level mafungu mawili, "pyua" (hesabu tupu) na "aplaidi" (hesabu tumizi), na kwa miaka mingi UNEB, baraza la mitihani la Uganda, imeitahini kwa karatasi mbili. Kwa mtindo huo wa miaka mingi, aplaidi imekuwa karatasi ya pili, P425/2. Imekuwa ya saa tatu: maswali manane mafupi ya lazima, alama 5 kila moja, kisha matano ya kuchagua kati ya manane, alama 12 kila moja. Ndani yake mna mekanika, takwimu pamoja na uwezekano, na mbinu za kukadiria kwa namba. (Sub-Math, ile hesabu fupi ya ziada, ni somo jingine kabisa, wazazi wengi huyachanganya.) Orodha ya mada ni ndefu na mwalimu anayo. Mwanafunzi anachotakiwa kuweza ni kulichukua jambo la mtaani, kuligeuza hesabu, kulikokotoa, kisha kulirudisha mtaani likiwa na maana. Kukokotoa wengi wanakuweza. Hayo mengine ndiyo yanayorukwa.

Twende Laropi, kule Moyo, ambako watu huvuka Nile kila siku. Namba nazitunga ili hesabu iwe nyepesi: mto una upana wa mita 200, mkondo unakwenda mita 1.5 kwa sekunde, na mtumbwi wa injini, kwenye maji yaliyotulia, unakwenda mita 2.5 kwa sekunde. Swali: mtumbwi uelekezwe wapi?

Mwanafunzi wa kanuni hurukia Pythagoras hapohapo. Mwanafunzi tunayemtaka huuliza kwanza: unataka kufika haraka, au unataka kufika mkabala na ulipotoka? Ukiuelekeza moja kwa moja ng'ambo, unavuka kwa sekunde 80, lakini mkondo unakusukuma mita 120 chini ya mto. Ukitaka kutua mkabala, sharti uuelekeze juu ya mto, nyuzi 36.9 kutoka kwenye mstari wa kuvukia. Kasi inayobaki ya kuvukia ni mita 2 kwa sekunde, na safari inachukua sekunde 100. Majibu mawili, yote sahihi, kwa maswali mawili tofauti. Anayechora pembetatu ya kasi anaona tofauti hiyo kabla hajaandika namba yoyote. Asiyechora hubahatisha, na mara nyingi hulijibu swali ambalo hakuulizwa.

Tena kuna jambo tulilolidhania bila kulisema, kwamba mkondo una nguvu ileile kutoka ukingo hadi ukingo. Nahodha atakucheka. Katikati maji hukimbia, pembeni hulegea. Dhana za aina hii zimejaa kwenye aplaidi: kamba isiyo na uzito, puli (gurudumu la kupitishia kamba) isiyo na msuguano, jiwe lililorushwa lisilozuiwa na hewa. Si uongo. Ni kurahisisha, na mwanafunzi wa S.6 anatakiwa aweze kusema amerahisisha nini na jibu lake linaweza kupotoka upande gani.

Kuanzia darasa lililoingia S.5 mwaka 2025, wanafunzi wanasoma mtaala uliorekebishwa na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, unaofuatia ule wa umahiri (unaotazama mwanafunzi anaweza kufanya nini, si amekariri nini) ulioanza S.1 mwaka 2020. Wazazi wana wasiwasi nao. Mimi naona aplaidi ilikuwa somo la umahiri tangu zamani, ni sisi walimu tuliokuwa tukiifundisha kama kariri.

Kwenye takwimu hadithi ni ileile, kwa hiyo nitaenda mbio. Mashine inajaza unga wa posho kwenye pakiti zilizoandikwa kilo 2. Wastani wa ujazo ni kilo 2.02, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi pakiti zinavyotofautiana na wastani) ni kilo 0.01, na mtawanyo ni ule wa umbo la kengele. Pakiti ngapi zina upungufu? Jedwali linatoa 0.0228. Wengi huishia hapo. Anayejua anachofanya huongeza sentensi moja: katika kila pakiti 1,000, kama 23 zinampunja mnunuzi, ingawa wastani wenyewe umepita kilo 2. Hiyo ndiyo sentensi anayoihitaji mwenye kinu.

Fungu la tatu, la kukadiria kwa namba, ndilo linalofundishwa mwishoni na kwa pupa. Inasikitisha, maana kila anayetafuta kiwanja Uganda amewahi kusikia "50 kwa 100". Kama futi hizo zimepimwa hadi futi moja iliyo karibu, kila upande unaweza kukosewa kwa nusu futi. Eneo linalosemwa ni futi za mraba 5,000, kumbe ukweli unaweza kuwa popote kati ya 4,925.25 na 5,075.25. Kati ya ncha hizo mbili kuna futi za mraba 150, yaani chumba cha futi 10 kwa 15. Mwanafunzi akiliona hilo, sura ya makosa ya vipimo haimchoshi tena.

Sasa la vitendo, ambalo mzazi anaweza kulifanya jioni hii bila kujua hesabu. Kanuni ya trapeza (ya kukadiria eneo) na mbinu ya Newton-Raphson (ya kukadiria jibu la mlinganyo), zikiwa na sin au cos ndani yake, hudai kalkuleta iwe kwenye radiani, kipimo cha pembe kisicho digrii (nyuzi) tulizozoea. Eneo chini ya sin x kutoka 0 hadi 1 ni kama 0.46. Kalkuleta ikiwa kwenye digrii, mwanafunzi atafuata kila hatua ipasavyo na kuishia karibu na 0.009. Mwambie abonyeze sin 1. Ikitokea 0.8415, yuko kwenye radiani, ikitokea 0.0175, yuko kwenye digrii. Na akirudi kwenye mtumbwi wa Laropi, airudishe kwenye digrii.